Mume anataka tuhamie kijijini kwao kisiwani Amorgos, Ugiriki. Kuna aliyeishi huko?

Msusi wa Kirumba:

Habari zenu wadau, shikamooni mlionizidi. Naombeni ushauri wa watu wanaojua, sio wale wa "nenda Ulaya unasubiri nini" maana hao ninao wa kutosha hapa saluni, kila anayekaa kwenye kiti ashanipandisha ndege.

Iko hivi. Nina mtoto mmoja wa miaka sita na saluni yangu ndogo hapa Kirumba, Mwanza, sio mbali na mwaloni kwenye soko la samaki, nasuka na kuna wadada nimewapa viti. Mume wangu ni Mgiriki, alikuja Mwanza kwa kazi ya mkataba tukajuana, tukafunga ndoa ya bomani, tunaishi vizuri tu sina la kulalamika. Sasa baba yake amefariki, mama kabaki peke yake kijijini, ana nyumba, ana vyumba vya kupangisha watalii, ana mbuzi na miti ya mizeituni, na miguu imeanza kumsumbua. Mume ndo mtoto pekee. Anasema twende tukakae moja kwa moja, hewa safi, mtoto atacheza nje, maisha hayana presha. Ananionesha video, nyumba nyeupe, bahari ya bluu, paka wamelala kwenye ngazi. Mimi nikiangalia hizo video najiuliza kitu kimoja, watu wako wapi? Yani video inaisha hajapita hata mtu mmoja na beseni kichwani.

Kwahiyo nauliza, mgeni mweusi anaishije kijijini kule, sio mtalii, mkaaji. Ntafanya kazi gani. Mtoto atasoma wapi. Na mama mkwe ambaye mpaka leo tunaongea kwa kupungiana mikono kwenye simu tutakaaje jiko moja. Halafu mama yangu mzazi kule Magu amesikia kwamba visiwa vile vilitikisika sana mwanzoni mwa 2025 basi halali, kila siku ananipigia. Nawasilisha.

Jiwe Kuu:

Dada unauliza makofi polisi? Kama huendi tupe sisi hiyo nafasi, mimi mbuzi nawajua tangu Kwimba na mama mkwe ntamuamkia kila asubuhi mwangaluka mpaka azoee 😂

Dada wa Naxos:

Msusi hongera na pole kwa pamoja. Mimi ni wa Nyegezi, nimeolewa Naxos, kijiji cha milimani, hicho kisiwa ni jirani na Amorgos na meli zinapita huku. Nimekaa hadi nagombana na watu kwa Kigiriki. Ntaandika kirefu maana nilipokuja mimi kila mtu alinipa hongera tu hakuna aliyenipa habari.

La kwanza kabisa, kama unaenda kuangalia usiende Agosti. Mumeo atataka uende Agosti, wote wanafanya hivyo. Agosti ndugu wote wameshuka kutoka Athens, tarehe 15 ni sikukuu ya Bikira Maria, muziki unapigwa uwanjani hadi kunakucha, meza ndefu, mbuzi wanachemka kwenye masufuria ambayo ukiyaona unakumbuka msiba wa mtu mkubwa, kila mtu anakukumbatia. Hapo Amorgos pia wana sherehe yao ya Mtakatifu Paraskevi tarehe 26 Julai wanapika mbuzi na viazi. Ukienda siku hizo utarudi Mwanza unatafuta wa kumuuzia saluni. Nenda Februari. Februari mvua inakuja kwa ubavu, hoteli zimefungwa, migahawa imefunikwa nailoni, na kijiji kile kile kimebaki na wazee, wachunga mbuzi, padri na hao paka wa kwenye video ambao sasa hivi wana njaa. Zile nyumba za mawe ni nzuri kwa picha, ndani ni baridi yenye unyevu, nguo hazikauki, ukuta unaota ukungu nyuma ya kabati, mnahamia wote chumba chenye jiko la kuni na vyumba vingine mnavipita mbio. Sisi watu wa ziwani tunajua kabaridi ka asubuhi, hii ni nyingine, inaingia hadi kwenye godoro.

Meli. Amorgos haina uwanja wa ndege, kila kitu ni meli. Kutoka Piraeus, bandari ya Athens, hesabu masaa saba hadi tisa kutegemea inapitia visiwa gani, na kuna kameli kadogo kanaitwa Express Skopelitis kanatoka hapa kwetu Naxos kanazunguka visiwa vidogo mpaka kwenu, kanacheza kwenye mawimbi vibaya mno, mimi nilikapanda mara moja nikasema Mungu nirudishe tu. Upepo ukifika 8 au 9 kwa kipimo chao cha Beaufort, kutegemea na aina ya meli, serikali inazuia kutoka. Hapo ndo unajua upo kisiwani. Nyanya zinaisha dukani, dawa haziji, mwenye miadi ya hospitali Athens anakaa na begi lake mlangoni. Na usidhani ni kipupwe tu, Julai na Agosti kuna upepo wa kaskazini wanauita meltemi, anga haina hata wingu, jua linawaka, na meli imefungwa bandarini.

Matibabu ndo hivyo hivyo. Kituo cha afya kipo, mara nyingi madaktari ni vijana wanaotumikia muda wao wa vijijini, wazuri tu, ila kitu kikubwa ni helikopta au boti kwenda kisiwa kikubwa au Athens. Wajawazito wa visiwa vidogo wanaondoka wiki kadhaa kabla wakajifungulie mjini. Kama mnapanga mtoto wa pili liweke hilo kwenye hesabu.

Sasa watu. Kijijini huku salamu ni lazima, ukipita kimya kwenye mkahawa wa wazee umejiharibia, na hapo Mtanzania ana faida kubwa kuliko Mjerumani, sisi kusalimia hatufundishwi. Mkahawa wenyewe wazee wanakaa na kakikombe kamoja ka kahawa asubuhi nzima wanacheza mchezo wa kete kwenye ubao, ukipita wanajua umetoka wapi na umenunua nini. Vibibi watakuuliza mbele za watu mbona mtoto mmoja, mbona umenenepa, mumeo anapata shilingi ngapi. Watashika nywele za mwanao. Wapo watakaodhani ulikuja na boti za wakimbizi. Wapo watakaokuomba kitambulisho wewe tu kwenye foleni nzima, hilo halitaisha hata ukikaa miaka ishirini, sikudanganyi. Lakini kijijini linaisha kwa njia moja, wakishakujua wewe ni wa nyumba gani. Huku mtu hana jina lake peke yake, wewe utakuwa bibi harusi wa mama fulani hadi uzeeke.

Nikuambie kitu kimoja kilichonifungulia mlango. Jirani yetu mzee alifariki, kengele ya kanisa ikalia ile ya taratibu, na matangazo ya msiba huku yanabandikwa kwenye nguzo za umeme na milangoni pa maduka, karatasi nyeupe yenye jina na saa ya mazishi. Mimi nikafanya ambacho mtu yeyote wa Nyegezi angefanya, nikavaa nguo nyeusi nikaenda kukaa na wafiwa, sikuwa na lugha, nilikaa tu, nikaosha vyombo. Ilipofika arobaini, maana na wao wanayo arobaini, wakaniita nisaidie kutengeneza kitu kinaitwa kollyva. Unachemsha ngano nzima, unaichuja, unaitandaza kwenye shuka safi usiku kucha ikauke, asubuhi unachanganya na zabibu kavu, lozi, mdalasini, punje za komamanga, unashindilia kwenye sinia, unafunika na sukari ya unga hadi iwe nyeupe kabisa, halafu juu unachora msalaba kwa lozi. Walinipa mimi kazi ya kutandaza ngano, bibi mmoja akawa anafuata nyuma ananirekebisha kwa kidole, pale pale, bila maneno. Kuanzia hapo nikikuta mayai au malimao yametundikwa kwenye kitasa cha mlango siulizi tena ni ya nani.

Na vitu vidogo. Saa 9 alasiri hadi 11 na nusu kiangazi ni muda wa kimya kisheria, usitwange, usipige honi, usimuite mtoto kwa sauti ya Kirumba. Karatasi za chooni hazitupwi chooni, mabomba yao ni membamba, kuna kindoo pembeni, mgeni asipoambiwa anaziba nyumba nzima. Maji visiwani ni tatizo, kwingine wanasafisha ya bahari, kwingine yaliletwa na meli, kwahiyo ukiacha bomba wazi wakati unasugua sufuria mama mkwe atakuja mwenyewe kulifunga na hapo usinune.

Kypseli Kwetu:

Dada wa Naxos umeongea vizuri ila umempaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi nipo Athens, mtaa wa Kypseli, ambako Waafrika tupo wengi na Wabongo wapo, wengi wa zamani walifika kwa meli enzi hizo wakaganda. Nimefanya kazi za msimu visiwani, jikoni na kufua mashuka. Msusi nikuulize swali moja, umeshawahi kumuuliza mumeo nani atamnyanyua mama kitandani? Maana mimi naona hesabu iko wazi. Huku mzee akizidiwa wanaajiri mwanamke wa Kigeorgia au Kibulgaria anakaa naye ndani, analipwa kila mwezi. Wewe unaitwa kwa jina la mke. Utamuogesha mama, utafua mashuka ya vyumba vyote kuanzia Mei hadi Oktoba, utakamua mbuzi, na mwisho wa msimu pesa ni "ya familia". Saluni yako ya Kirumba inakupa pesa mkononi mwako kila jioni.

Hameni Athens kama ni lazima. Mtoto atapata shule kubwa, wewe utapata kiti cha kusuka hapa hapa Kypseli hata wiki haiishi, wadada wa Kikongo na Kinaijeria wanapanga foleni. Mama aletwe mjini.

Dada wa Naxos:

Kypseli hapo kwenye mashuka upo sawa na nilitaka kulifikia. Ila hilo la mama aletwe mjini unaongea kama hujawahi kumuona kibibi wa kisiwani. Hang'oki. Ana kaburi la mumewe la kuwashia taa, ana kuku, ana mlima wake. Ukimleta ghorofa ya nne Kypseli atakaa dirishani hadi afe na mume wa Msusi hatamsamehe mtu.

Na mimi Athens nimekaa mwanzoni. Pale ngazi nzima ya ghorofa hakuna aliyejua jina langu. Huku nikikohoa kidogo kuna mtu analeta chai ya majani ya mlimani. Inachosha pia, sikatai, kuna siku natamani nisijulikane.

Mkwe wa Ukerewe:

Mimi Ulaya sijafika hata kwa ndoto ila nimesoma yote nikacheka. Mimi ni Mdigo wa Tanga nimeoa Ukerewe, naishi nje kidogo ya Nansio. Dada unaogopa Ugiriki wakati shida hiyo ipo masaa machache kutoka hapo ulipo. Nilipofika watu walikuwa wema sana, wananipa samaki, wananipa machungwa, lakini shamba la ukoo likijadiliwa naambiwa shemeji pumzika kidogo nje. Kisiwa ni kisiwa, watu wanagombana tangu babu zao na hawana pa kuhamia kwahiyo wamejifunza kununiana kwa adabu, na mgeni asipojua nani hasalimiani na nani anajikuta ameshakula kwa adui wa mkwe wake. Swala la meli ndo usiseme, nimelala Mwanza mara ngapi sababu ya upepo, na baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama mwaka 2018 mke wangu akiniambia subiri kesho mimi nasubiri bila ubishi.

Swali langu kwa Naxos. Hao wavuvi wao wakoje, wana dagaa?

Dada wa Naxos:

Mkwe 😂😂 hapo kwenye kununiana kwa adabu umewamaliza. Huku kuna ndugu wawili nyumba zimegusana ukuta na hawajaongea toka wagawane shamba la mizeituni, na mimi wote nawasalimia, ndo faida ya kuwa mgeni.

Dagaa kama wa mwaloni hakuna, ila kuna visamaki vidogo wanaviita marida, wanavikung'uta kwenye unga, wanakaanga vizima na vichwa vyao, limao juu, unatafuna na mifupa. Mtu wa Kirumba hatolala njaa. Wavuvi ni mitumbwi ya mbao iliyopakwa rangi, wazee wengi, vijana wachache, asubuhi wanakaa bandarini wanarekebisha nyavu za njano kwa vidole vya miguu na mikono, ukiwaona unadhani upo Igombe. Pweza wanamning'iniza juani kwenye kamba kama soksi. Na nikuchekeshe, siku moja nipo supamaketi mjini nafungua friza nakuta minofu ya samaki imegandishwa, nasoma nyuma kwa maandishi madogo, Lates niloticus, Tanzania. Sangara! Nilimshikia mume wangu ile paketi usoni kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Bei yake sasa, wacha tu.

Mboga ndo nilishangaa zaidi. Kiangazi wanachemsha mchicha, mchicha huu huu wetu, wanamwagia mafuta ya mizeituni na limao. Bamia ipo, wanapika na nyanya. Unga wa mahindi unapata, mara nyingi wa njano, ugali unatoka. Mkwe wangu alionja akasema enzi za vita, Waitaliano na baadaye Wajerumani walipowakalia, walikula mkate wa unga huo huo hadi wakauchukia, akaomba asiletewe tena. Sikumlazimisha.

Bukoba Mjini:

Naomba nichangie upande wa kanisa maana hakuna aliyeligusa na kijijini kule huwezi kulikwepa. Mimi ni Mwothodoksi, sisi Kagera na Mwanza tupo, chini ya Patriaki wa Aleksandria, ibada tunafanya kwa Kiswahili. Msusi kabla hujaondoka nenda hata jumapili moja kanisa la Othodoksi hapo Mwanza, simama tu uone wanavyofanya, jinsi ya kuwasha mshumaa, kubusu picha takatifu, maana ukifika kule mama mkwe atakupeleka wiki ya kwanza na macho yote yatakuwa kwako. Kubadili dini sio sharti, ndoa ya serikali Ugiriki inatambulika tangu 1982. Ila kubatizwa kwa mtoto wataliuliza kila kukicha. Kama wewe ni Mkatoliki pia sio mkiwa, visiwa vya Syros na Tinos vina Wakatoliki wengi wa toka zamani.

Na Pasaka yao mara nyingi haiangukii siku moja na ya kwenu, 2025 zilikutana tarehe 20 Aprili lakini 2026 kwenu ni tarehe 5 kwao tarehe 12. Usikose usiku ule. Taa zinazimwa, saa sita usiku padri anatoka na moto, mnapokezana mishumaa hadi uwanja mzima unawaka, halafu mnakimbilia nyumbani mkagonganishe mayai mekundu na kunywa supu ya utumbo wa kondoo.

Kuhusu tetemeko mwambie mama wa Magu hivi. Yale ya 2025 yalikuwa mengi mfululizo baharini kati ya Santorini na Amorgos, kubwa lilifika 5.3, watu wengi wa Santorini walihama kwa muda. Sisi Kagera Septemba 2016 lilitupiga moja la 5.9 na nyumba zilianguka na watu wakafa. Ila wasikwambie Amorgos ni salama tu, tarehe 9 Julai 1956 palitokea tetemeko kubwa mno hapo hapo na bahari ikapanda. Kwahiyo atakachoangalia mumeo ni hiyo nyumba ya mama ilijengwa lini na imekarabatiwaje.

Msusi wa Kirumba:

Jamani wabeja sana, nimesoma huku namsuka mtu, mteja amesubiri na hajalalamika maana na yeye anasoma begani kwangu.

Kypseli swali lako la nani atamnyanyua mama nimemuuliza jana usiku. Alinyamaza kwanza. Halafu akasema tutasaidiana. Nikamwambia nani na nani. Hatujamaliza hayo maongezi ila angalau yameanza. Mimi kumuuguza mama mkwe sina tatizo, kwetu Usukumani ni wajibu, bibi yangu mimi ndo nilimuogesha hadi mwisho, ila kwetu tulikuwa wengi, leo mimi kesho shangazi, na kila mtu aliona nimefanya. Kule nani ataona?

Naxos naomba nijibu kuhusu karatasi na shule. Na hiki kiti changu cha kusuka, hakuna kabisa njia ya kukitumia kule?

Dada wa Naxos:

Karatasi. Visa mnaombea ubalozi wa Ugiriki uliopo Nairobi, na ndoa yenu ya bomani lazima iandikishwe kwanza Ugiriki, cheti kithibitishwe, kitafsiriwe Kigiriki, mumeo aanze leo maana hiyo hatua moja inakula miezi. Ukifika unaomba kibali cha mwanafamilia wa raia. Halafu kuna namba mbili bila hizo wewe sio mtu, ya kodi wanaiita AFM na ya hifadhi ya jamii AMKA. Zichukue kwa jina lako wiki za kwanza, ufungue na akaunti ya benki kwa jina lako, na hivyo vyumba kama utavifanyia kazi uandikishwe kama mfanyakazi au mwenye hisa, ukatiwe bima. Mashuka yale yale ambayo Kypseli kayasema, ukiwa umeandikishwa ni ajira, una siku zako za pensheni. Ongea hilo ukiwa bado Mwanza una saluni yako mkononi, usiongee ukiwa umeshafika unategemea uwekewe chakula.

Shule zipo, darasa linaweza kuwa na watoto wachache sana na walimu wengi wanabadilishwa kila mwaka kwasababu hakuna anayetaka kukaa. Mtoto wa miaka sita atashika lugha kabla ya Pasaka, hadi atakuonea aibu wewe. Shida ni wewe. Madarasa ya lugha ya bure yapo zaidi Athens, kisiwani utajifunza dukani na kwenye televisheni ya mama mkwe. Anza sasa hivi, hata herufi tu, zile herufi zinatisha kwa macho ila ni za siku chache. Jikoni na mama mkwe utapata maneno ya vyakula yote, maneno ya ofisini hutayapata hapo.

Kusuka. Ufukweni usijaribu bila kibali, wapo wanaozunguka na watalii wanapenda, ila wakikukamata ni faini na mzigo unachukuliwa. Kwa kibali inawezekana, msimu mfupi lakini euro ni euro. Mimi mwenyewe nywele zangu nasuka nikienda Athens, au najifunga kitambaa. Ukija Amorgos na hiyo mikono nakuja na Skopelitis nikitapika njia nzima.

Kypseli Kwetu:

Mimi nimelainika kidogo ila nabaki na langu, msihame wote kwa mkupuo. Saluni usiuze. Kodisha.

Mkwe wa Ukerewe:

Naunga mkono. Mtu wa kisiwani siku zote anaacha mguu mmoja bara. Hata mke wangu hapa ana kichumba Igoma ambacho nilikijua baada ya ndoa 😅

Msusi wa Kirumba:

Mrejesho kwa walioniuliza kimyakimya. Tumekubaliana mambo matatu mpaka sasa, mengine bado. Tunaenda Februari kwanza, wote watatu, kuangalia, Agosti nimeikataa kabisa na alivyocheka nikajua mlikuwa mnasema kweli. Saluni naachia mdada wangu mkubwa kwa kodi ya mwezi, tumeandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Na jana tumempigia mama mkwe, mume akatafsiri, nikamuuliza kama yupo tayari kuwa na mtu wa kulipwa anayemsaidia siku kadhaa kwa wiki hata mimi nikiwepo. Akasema mtu mgeni hataki nyumbani kwake. Mume akamwambia mama, na huyu unayeongea naye umemuona lini? Kikongwe akacheka hadi akakohoa, akasema atafikiria, halafu akauliza huku Mwanza kuna mbuzi.

Naxos, Februari nivae nini miguuni?

Dada wa Naxos:

Buti zenye soli ya mpira inayong'ata. Ngazi zao za mawe zikilowa zinateleza kuliko mawe ya Igogo, na nusu ya vibibi wa huku waliovunjika nyonga walivunjikia kwenye ngazi zao wenyewe. Soksi za sufu utanunua huku. Unga usibebe, nafasi hiyo weka dagaa, wakaange kwanza wakauke vizuri, funga mara tatu, na hapo Naxos meli ikisimama nipigie nishuke bandarini nichukue wangu.